Kabla ya "Faded Love" Palikuwa na Nelly Gray

Ubishi ulianza kwenye chai. Wanachama wanaijua ada ya meza yetu ya Kiswahili ya kila Jumanne: mtu mmoja huleta jina la wimbo, filamu au kitabu, na sisi wengine tunalitafutia Kiswahili chake kabla chai haijaisha kwenye birika. Wiki ile zamu ilikuwa ya mwenzetu mmoja anayesomea uhandisi. Jina lake silitaji, na sababu mtaiona huko mbele. Alileta "Faded Love", wimbo wa country wa hapa Marekani. Akaupiga kwenye simu yake, tukausikiliza mpaka mwisho, naye akanyamaza kimya kabisa.

"Penzi lililofifia," akatoa wa kwanza. Kaka wa Tanga akakataa. Kinachofifia, alisema, ni taa, au sauti ya redio betri zinapokwisha. Dada wa Mombasa akasema jibu liko wazi, ni "penzi lililochujuka", kama kanga iliyofuliwa na kuanikwa juani miaka mingi mpaka maua hayaonekani. Nguo bado ni yako na bado unaivaa, ila jikoni tu, huendi nayo harusini. Mwingine akaleta "penzi lililopoa", tukamwambia huyo anazungumzia chai. Ndugu yetu wa Lubumbashi akasema kwao wangesema mapendo imeisha, na mjadala ungefungwa hapo.

Mimi nilifanya kosa la kusema kwamba wimbo huo naujua tangu utotoni. Mhariri wa jarida alikuwa amekaa mkabala nami. "Basi tuandikie," akasema. Nilidhani ingekuwa kazi ya jioni moja.

Kwetu Nakuru Jumapili zilikuwa za country. Tukirudi kanisani, baba alivua koti, akafungua madirisha, akaweka kaseti. Wasiotoka Kenya huwa wanashangaa nikiwaambia haya. Nyinyi wa Zanzibar na Dar mna taarab na dansi lenu, lakini wengi wetu wa Bonde la Ufa tulilelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, na mpaka leo tuna waimbaji wetu wenyewe wa country wanaovaa kofia pana na viatu vya ng'ombe, Sir Elvis akiwa anayejulikana zaidi. Katika kaseti za baba ilikuwapo moja ya Patsy Cline ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Mama aliomba kila mara ipigwe kwa sauti ya chini. Alisema mwanamke huyu anaimba kama mtu aliyetoka matangani.

Sikujua wakati ule kwamba "Faded Love" haukuwa wake. Aliyeutoa kwanza ni Bob Wills na bendi yake ya Texas Playboys, mwaka 1950, kwa kampuni ya santuri ya MGM. Aliyeimba ni Rusty McDonald, na wimbo ulipanda hadi namba 8 kwenye chati ya country. Watunzi walioandikwa ni watatu wa nyumba moja: mzee John Wills, mwanawe Bob, na mwanawe mwingine Billy Jack, aliyekuwa mdogo wa Bob kwa zaidi ya miaka 20. Maneno ni ya Billy Jack. Mahadhi yalitoka kwenye fidla ya mzee John.

Ukoo huu una habari zake. Bob alizaliwa Machi 1905 karibu na Kosse, Texas, kifungua mimba wa watoto kumi. (Mwaka huohuo, kule Zanzibar, kiliundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho nacho fidla ni moyo wake. Hakuna uhusiano wowote, nimeipenda tu.) Mwaka 1913 familia ilipakia vyombo kwenye gari la farasi lenye turubai, ikaelekea Hall County, magharibi mwa Texas, ikisimama njiani kuchuma pamba ili ipate chakula. Katika mashamba hayo ya pamba watoto wa Wills walicheza na watoto wa Wamarekani Weusi, na Bob alisikia jinsi wachumaji walivyoimba kazini. Hakusahau. Alipokuwa kijana alipanda farasi maili 50 kwenda kumsikiliza Bessie Smith, malkia wa blues, na aliisimulia safari hiyo maisha yake yote.

Baba yake alikuwa mpiga fidla mwenye jina katika mashindano ya Texas, naye akamfundisha mwanawe. Wanasimulia kwamba Bob alipokuwa na miaka kumi, mzee alichelewa kufika kwenye dansi aliyoalikwa kupiga. Watu walikuwa wamekwisha jaa. Mtoto akashika fidla akapiga nyimbo sita alizozijua, akazirudia, akazirudia tena mpaka usiku ukaenda. Baadaye akawa kinyozi katika mji mdogo wa Turkey, kisha akatafuta riziki ya muziki Fort Worth, na mwaka 1934 akahamia Tulsa, Oklahoma. Hapo, katika redio ya KVOO na ukumbi wa Cain's, ndipo alipokuwa Bob Wills tunayemjua: fidla za mashambani, ngoma na saksofoni za jazz, blues ya Bessie Smith, vyote kwenye sahani moja, na yeye mwenyewe akipiga kelele za furaha katikati ya wimbo kama mtu aliyeona mgeni mlangoni. Muziki huo uliitwa Western swing. Watu walicheza mpaka viatu vikaisha soli.

Jambo moja sitalificha, kwa sababu linahusu hadithi yetu. Kule Fort Worth, kabla hajapata jina, Wills alifanya kazi katika maonyesho ya vichekesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni wakawaigiza Watu Weusi. Mtu aliyependa muziki wa Weusi kiasi cha kupanda farasi maili 50 ndiye huyohuyo aliyejipaka masizi. Marekani ina mambo mengi ya namna hii, na baada ya miaka mitatu hapa nimeacha kuyashangaa.

Sasa turudi kwenye mahadhi ya mzee John. Hakuyatunga kutoka hewani. Yametokana na wimbo wa zamani alioujua kwa fidla, "Darling Nelly Gray", uliochapishwa mwaka 1856. Na hapa ndipo nilipoacha kunywa chai, kwa sababu mtunzi wa wimbo huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, hapahapa Ohio. Jina lake Benjamin Hanby. Alikuwa anasoma Otterbein, chuo kilichopo Westerville, kaskazini kidogo mwa Columbus. Kila tunapokwenda Columbus kununua unga wa ugali na maharage ya nazi, tunapita karibu na hapo.

Baba yake, William Hanby, alikuwa mchungaji na mpinga utumwa. Msomaji anayeishi hapa anajua kwamba mto Ohio ndio mpaka wetu na Kentucky. Wakati ule ulikuwa mpaka wa jambo kubwa zaidi, kwani upande wa kusini mtu alikuwa mali, na upande wa kaskazini alikuwa mtu, angalau katika sheria za jimbo. Watumwa waliovuka kwa siri walipokewa na mtandao wa watu na nyumba uliopewa jina la Reli ya Chini kwa Chini, ingawa haukuwa na treni wala reli. Walifichwa mchana, wakasafirishwa usiku, nyumba hadi nyumba, mpaka Kanada. Nyumba ya Hanby ilikuwa mojawapo.

Familia hiyo ilisimulia kwamba mwaka 1842, walipokuwa bado wakiishi Rushville, alifika kwao mtoro aitwaye Joseph Selby, akiumwa nimonia. Benjamin alikuwa na miaka tisa hivi. Mgonjwa huyo, kabla hajafa kitandani mwao, alieleza kwamba alikuwa na mchumba kule Kentucky, Nelly Gray. Nelly aliuzwa Georgia. Joseph alikuwa anakimbilia Kanada akafanye kazi, akusanye fedha, arudi kumkomboa. Hakufika.

Miaka kumi na minne baadaye yule mtoto, sasa mwanafunzi, akatoa wimbo. Anayeimba ni mtumwa wa Kentucky. Anakumbuka jioni za mtoni pamoja na mpenzi wake, kisha usiku mmoja anakwenda kumtazama na kuambiwa na jirani kwamba wazungu wamekuja na minyororo, wamemchukua, wamempeleka Georgia akafie kwenye pamba. Mwishoni mwimbaji mwenyewe anakufa, na ndipo wanapokutana. Hanby aliutuma kwa mchapishaji wa Boston, Oliver Ditson. Inasimuliwa kwamba hakujibiwa neno, akaja kugundua baadaye kwamba wimbo wake umechapishwa na unaimbwa kila mahali, na kwamba alichopata kilikuwa karibu na bure. Alifariki mwaka 1867 huko Chicago kwa kifua kikuu, hajafikisha miaka 34.

Nelly Gray mmoja alikuwa na majina mengi. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, lakini biashara ya ndani iliendelea, tena ikanenepa, kwa sababu pamba ya kusini ilitaka mikono. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu kama Virginia na Kentucky kwenda majimbo ya kusini zaidi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wengi waliuzwa, mume huku, mke kule. Ndoa yao haikutambuliwa na sheria, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuvunja. Vita vilipokwisha mwaka 1865, walioachwa huru walianza kutoa matangazo katika magazeti ya Weusi wakiwatafuta waume, wake na watoto: fulani alikuwa mali ya bwana fulani, mara ya mwisho alionekana mji fulani, mwenye habari aandikie kanisa. Matangazo hayo yaliendelea kwa miongo. Wengine walikuwa wakimtafuta mtu aliyeuzwa wangali vijana, na wao sasa wana mvi. Soma machache, halafu uniambie kama unaona penzi lililochujuka mahali popote.

Hili ndilo lililonikaa rohoni nilipokuwa nalinganisha nyimbo hizi mbili. Katika "Faded Love" mtu amekaa na barua za zamani, anakumbuka, anaumia. Kwa nini penzi liliisha hatuambiwi. Limeisha tu, kama rangi inavyotoka kwenye nguo. Katika "Darling Nelly Gray" tunaambiwa kila kitu: nani alimchukua, lini, kwa minyororo, kwenda wapi. Mahadhi yamebaki karibu yaleyale, huzuni ni ileile, lakini mhalifu ameondolewa.

Simlaumu mzee John. Wimbo wa Hanby uliimbwa na askari wa kaskazini, ukaimbwa katika maonyesho yaleyale ya watu waliojipaka masizi, ukawa wimbo wa kila sebule yenye piano, na mwishowe ukawafikia wapiga fidla wa vijijini. Fidla haina maneno. Mpigaji wa Texas angeweza kuupokea kwa mwenzake na kuucheza miaka 40 bila kufikiri kuhusu Georgia. Kisha mwana anakuja na maneno mapya, na maneno ya Billy Jack si mabaya hata kidogo, ni mafupi na ya kweli kwa yeyote aliyewahi kuachwa. Ila nataka msomaji ajue yamekaa juu ya kaburi la nani. Tena yale ya kwanza hayakuwa yamesahaulika kabisa. Mwaka 1937, miaka 13 kabla ya santuri ya Wills, Louis Armstrong aliurekodi "Darling Nelly Gray" pamoja na Mills Brothers. Usikilizeni. Wanaume Weusi, wakiimba kwa ulaini mno, maneno ya mwanafunzi Mzungu kuhusu mwanamke aliyeuzwa.

Bob Wills mwenyewe hakubahatika sana baada ya wimbo huu. Mwaka huohuo wa 1950 alifungua ukumbi mkubwa Dallas, akawaachia mameneja ambao hawakuwa waaminifu, akazama katika madeni ya kodi hata akauza haki za wimbo wake mkubwa kuliko yote, "New San Antonio Rose". Kuhusu mapenzi, alioa na kuachana mara kadhaa kabla ya mwaka 1942, alipomwoa Betty Anderson, ndoa iliyodumu hadi kifo chake mwaka 1975. Oklahoma iliufanya "Faded Love" wimbo wake rasmi wa country mwaka 1988.

Lakini wengi wetu, pamoja na baba yangu, tuliujua kupitia kwa Patsy Cline, na hapo mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Patsy aliurekodi Nashville tarehe 4 Februari 1963, chini ya mtayarishaji Owen Bradley, siku ya kwanza kati ya siku nne mfululizo za studio. Bradley aliweka nyuzi nyingi nyuma yake, fidla za ukumbini badala ya fidla za shambani. Patsy anaimba polepole, kama anayetembea akiwa amebeba kitu kizito. Karibu na mwisho, kabla ya neno la mwisho kabisa, anavuta pumzi, na pumzi hiyo inasikika. Mtayarishaji mwingine angeifuta. Waliiacha. Nikiwa mtoto nilidhani kaseti yetu imekwaruzwa.

Tarehe 5 Machi, mwezi mmoja na siku moja baadaye, ndege ndogo iliyokuwa ikimrudisha Nashville ilianguka msituni karibu na Camden, Tennessee. Walikuwa wametoka Kansas City kuimba katika tamasha la kuisaidia familia ya mtangazaji wa redio aliyefariki. Walikufa wote wanne, pamoja na waimbaji Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins, na Randy Hughes, meneja wake aliyekuwa rubani. Patsy alikuwa na miaka 30. Albamu waliyokuwa wakiiandaa, ambayo ingeitwa "Faded Love", iliwekwa kando. Wimbo wenyewe ulitolewa baadaye mwaka huo, ukafika namba 7.

Nilikwenda Westerville Jumamosi moja mwezi wa pili, kwa gari la kuazima. Nyumba ya akina Hanby imehifadhiwa kama makumbusho, na kwa haraka yangu sikuuliza saa za kufungua, kwa hiyo niliitazama kwa nje, theluji ikiingia viatuni. Wanafunzi wa Otterbein walipita na vikombe vya kahawa. Nilisimama pale nikausikiliza wimbo wa Hanby kwenye simu, halafu wa Wills, halafu wa Patsy, kisha nikarudi garini kwa sababu vidole havikunisikia tena.

Jumanne iliyofuata niliyasimulia haya mezani. Mwenzetu mhandisi alisikiliza akiwa ameinamia kikombe. Wanaomjua wanajua kwamba ana mchumba Dar, au alikuwa naye. Mwaka wa kwanza walizungumza kila usiku mpaka alfajiri ya kule. Mwaka wa pili ikawa Jumapili. Siku hizi ni salamu za sikukuu, na picha anazipata kupitia kwa shemeji. Wengi tuliokaa pale tulikuwa na hesabu zetu za namna hiyo, na kila mtu akatazama birika.

"Basi wangu hakuuzwa na mtu," akasema hatimaye. "Nimeianika kanga mwenyewe, nikasahau kuianua."

Dada wa Mombasa akasema hiyo ni kura yake ya pili kwa "Penzi Lililochujuka", na tukaliandika ubaoni. Kaka wa Tanga aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba bado hakubaliani.

Baba nilimpigia usiku ule. Nilimweleza yote, ya Joseph Selby, ya Nelly, ya mzee John na fidla yake. Hakusema kitu kwa muda, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama naweza kumtumia huo wa kwanza kabisa, wa msichana. Nikamtumia ule wa Armstrong kwa WhatsApp. Asubuhi nilikuta amenijibu kwa sauti, sekunde kumi na nne, bila neno hata moja. Anapiga mluzi, na nyuma yake mama anauliza ni nani amefariki.